Gabor: Alinasa mwanga kabla taa yake kuzaliwa

Ile picha ndogo inayometameta kwenye kadi ya benki, ukiigeuza inabadilika rangi, ina baba yake. Huyo ni Dennis Gabor, mzaliwa wa Budapest, Hungary, mwaka wa 1900.

Jamaa alipitia mengi. Kijana mbichi, Vita vya Kwanza vya Dunia vikamtupa jeshini kaskazini mwa Italia. Baadaye alisomea uhandisi Berlin, akapata kazi Siemens. Hitler alipotwaa mamlaka 1933, Gabor, mtoto wa familia ya Kiyahudi, akaondoka Ujerumani. Mwaka uliofuata alikuwa Uingereza, kiwandani mjini Rugby.

Kilichomkera ni hadubini ya elektroni. Lenzi zake zilikuwa na kasoro, picha zikitoka na ukungu. Pasaka ya 1947, akiwa kwenye benchi akingoja zamu yake ya kucheza tenisi, wazo likamjia. Badala ya kung'ang'ana na lenzi, acha mawimbi yanayotoka kwenye kitu yakutane na mawimbi safi, unase michirizi yanayochora, halafu picha uijenge baadaye kwa mwanga. Kamera ya kawaida hunasa ukali wa mwanga tu. Hii inahifadhi pia hatua ambayo kila wimbi lilikuwa limefikia, na humo ndimo kina cha kitu hujificha. Akaiita hologramu.

Sasa, noma ilikuwa mbili. Taa yake ya zebaki ilikuwa dhaifu mno. Tena kila picha ilizaliwa na pacha, amejaa ukungu, amekaa mstari mmoja nayo akiichafua. Kufikia katikati ya miaka ya 1950, wengi walikuwa wameachana na hiyo kitu.

Leza ikaja 1960. Emmett Leith na Juris Upatnieks wa Chuo Kikuu cha Michigan wakapitisha mwanga wa pili kwa mshazari, pacha akasukumwa kando. Gabor alipewa Nobel ya Fizikia 1971, peke yake. Alifariki London 1979.

Leo filamu imetupwa: kamera ya dijitali inanasa michirizi, kompyuta inajenga picha kwa hesabu. Mpangilio wa Gabor, ule wa mstari mmoja, bado unapendwa kwa kuwa hauhitaji vifaa vingi, lakini pacha naye yupo. Watafiti humfukuza kwa programu inayokwenda na kurudi kati ya michirizi na picha, ikirekebisha kidogo kila mzunguko. Hivyo ndivyo seli hai za damu zinavyotazamwa bila kupakwa rangi.