WILLIAM SMELLIE, MWALIMU WA WAKUNGA

Sifa za majemadari na wafalme twazisikia kila siku, bali ni wachache wamjuao mtu aliyeeleza jinsi sisi sote tulivyoingia duniani. Kwa hiyo nimeona vema niwasimulie wasomaji habari za William Smellie.

Alizaliwa mwaka 1697 katika nchi ya Scotland, akasoma katika shule ya mji wa Lanark. Toka mwaka 1720 alikuwa mganga kwao. Siku zile mganga mwanamume aliitwa kwa mzazi pale mambo yalipokwisha kuharibika, na mara nyingi kazi yake ilikuwa kumtoa kwa kulabu mtoto aliyekufa. Jambo hili lilimsumbua moyo. Mwaka 1739 akasafiri kwenda London, kisha Paris, kutafuta njia iliyo bora.

Tangu mwaka 1741 akafundisha London. Alitengeneza sanamu ya mama kwa mifupa halisi iliyofunikwa ngozi, pamoja na mwanasesere, ili wanafunzi wajizoeze kabla ya kumgusa mzazi. Wanawake maskini aliwazalisha bure, wanafunzi wakitazama. Katika miaka kumi alifundisha wanaume zaidi ya 900, wala wanawake hakuwakataa.

Sasa nieleze kazi yenyewe. Uchungu hukaza mfuko wa uzazi, na mlango wake hufunguka kidogo kidogo; leo twajua hufikia upana wa sentimita 10 hivi. Ndipo mtoto husukumwa nje, na mwisho hutoka kondo la nyuma. Bali njia ya nyonga si sawasawa: juu ni pana toka ubavu hadi ubavu, chini ni pana toka mbele hadi nyuma. Kwa hiyo mtoto huinamisha kidevu kifuani, huingia akitazama upande, kisha hugeuka hata uso ukaelekea mgongo wa mama. Kisogo hupita chini ya mfupa wa kinena, na uso hufuata. Ni kama kupitisha kitanda mlangoni: nguvu hazifai kitu usipojua kukigeuza.

Hayo aliyaandika katika kitabu chake cha mwaka 1752. Alitumia koleo, bali aliwaonya wanafunzi wasilikimbilie, maana wengi mno huzaa salama bila hilo. Hata hivyo, mwaka 1760 mkunga Elizabeth Nihell alimshutumu vikali yeye na wenzake kwa ajili ya vyombo vyao. Naona shutuma hiyo ilikuwa na maana, kwa kuwa mganga akifanya haraka aumiaye ni mama. Tena Smellie hakujua habari za vijidudu, na homa ya uzazi iliendelea kuua wanawake wengi baada yake.

Mwaka 1759 alirudi Lanark, akafa mwaka 1763. Vitabu vyake aliiachia shule aliyosoma utotoni. Basi, ndugu zangu wanafunzi, atakaye kuwa mkunga au mganga na ajifunze kwanza kutazama na kungoja.