Mlowezi Aliyechaguliwa Kinondoni

Mwezi wa Septemba 1965, wananchi wa Kinondoni na vitongoji vingine vya kaskazini ya Dar es Salaam walikwenda kupiga kura katika uchaguzi mkuu wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja. Wagombea wawili wa TANU walishindana, mmoja kwa alama ya jembe na mwenziwe kwa alama ya nyumba, na mpiga kura alikuwa huru kumwangusha yeyote aliyechoka naye. Mwaka ule waheshimiwa wengi waliangushwa. Hata Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alikikosa kiti chake. Lakini huko Kinondoni watu weusi, wengi wao wafanyakazi na wakulima wadogo wa pembezoni mwa mji, walimpita Mwafrika mwenzao wakamchagua Mzungu mzaliwa wa China, setla wa Kilimanjaro, aliyekuwa akitembea kwa mkongojo. Jina lake lilikuwa Derek Bryceson.

Twaikumbusha habari hii kwa sababu vijana wengi wa Chama leo hawaijui, na walio wachache wanaomjua marehemu wanamjua kama mume wa bibi wa sokwe tu. Tena hutokea mara kwa mara watu wakabishana juu ya nani ni mwananchi halisi na nani ni mgeni, na katika ubishi huo wenye kelele ndio wanaosikilizwa. Wapiga kura wa Kinondoni walikwisha kulikata shauri hili zamani, bila kelele. Yafaa tujue walimpima kwa mizani gani.

Bryceson alizaliwa mwaka 1922. Vita vya pili vya dunia vilipowaka alijiunga na Jeshi la Hewa la Uingereza akawa rubani wa ndege za vita, na akiwa kijana wa miaka 19 ndege yake iliangushwa huko Mashariki ya Kati. Uti wa mgongo uliumia. Waganga walimwambia kwamba hatasimama tena kwa miguu yake. Yeye hakukubali, alijifundisha kutembea upya, akiuburuta mguu mmoja na kuegemea mkongojo, na hivyo ndivyo alivyotembea mpaka mwisho wa maisha yake. Baada ya hapo alisomea kilimo katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na mwaka 1947 akaja Kenya kujifunza ukulima wa Afrika.

Hapa hatuna budi kusema kweli juu ya nyakati zile. Serikali ya Kiingereza ilikuwa na desturi ya kuwatuza askari wake weupe kwa ardhi ya Afrika. Ilifanya hivyo Kenya mwaka 1919, ikafanya tena baada ya mwaka 1945. Askari wetu wa K.A.R. waliopigana Ethiopia, Madagascar na Burma walirudi kwao na medali, na labda koti la jeshi. Hatujasikia hata mmoja aliyekaribishwa kuchukua shamba la ngano katika nyanda za baridi. Bryceson alipovuka mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950 akapata shamba la ngano kwenye miteremko ya Kilimanjaro, alipita katika mlango uliofunguliwa kwa ajili ya rangi yake. Na siku zile zile, ng'ambo kidogo tu, Wameru wapatao 3,000 walikuwa wamefukuzwa Engare Nanyuki mwishoni mwa mwaka 1951, nyumba zao zikachomwa, ili nchi yao wapewe Wazungu wachache wafuge ng'ombe. Shauri lao Kirilo Japhet alilipeleka mpaka Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Shamba la Bryceson lilikuwa Kilimanjaro, halikuwa Meru. Lakini serikali iliyogawa ardhi ilikuwa moja.

Basi kwa asili yake mtu huyu alikuwa na kila sababu ya kusimama upande wa pili. Mwaka 1957 Gavana Twining alimteua kuwa Waziri Mdogo wa Huduma za Jamii. Wakati huo walikuwapo masetla waliojikusanya katika chama cha U.T.P., kilichoanzishwa mwaka 1956 kwa baraka za Gavana huyo ili kuizuia TANU. Kisha ikaja sheria ya kura tatu, ambayo ilimlazimisha kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958, uliamua baada ya mabishano makali kwamba tuingie katika uchaguzi huo mbovu, na kwa hiyo Chama kikalazimika kuwatafuta Waasia na Wazungu wa kuwaunga mkono. Katika Jimbo la Kaskazini kilimuunga mkono Solomon Eliufoo, Bibi Sophia Mustafa, na Derek Bryceson. Wote watatu wakaingia katika Baraza la Kutunga Sheria.

Setla aliyekubali jambo hilo hakuwa akitafuta raha. Tena wana Chama wazingatie hili: TANU siku zile haikumpa kadi mtu asiyekuwa Mwafrika. Mlango huo haukufunguliwa mpaka mwaka 1963. Miaka mingi, basi, Bryceson aliitumikia siasa ya TANU na kuitetea barazani bila ya kuwa mwanachama. Tungependa kujua ni wangapi kati yetu leo wangeweza kukitumikia Chama hata mwezi mmoja kwa masharti hayo.

Julai 1959 wajumbe watano waliochaguliwa walitiwa katika serikali kuwa mawaziri: Chifu Abdallah Fundikira, George Kahama, Solomon Eliufoo, Amir Jamal, na Bryceson aliyepewa Madini na Biashara. Mwaka uliofuata akapewa Afya na Kazi. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, shauri la uraia lilifika Bungeni, na walikuwapo wabunge waliotaka uraia uwe wa watu weusi peke yao. Mwalimu Nyerere alisimama kwa hasira akaeleza kwamba serikali yake itajiuzulu kuliko kukubali sheria ya ubaguzi. Wakati wa mabishano hayo Jamal na Bryceson walikuwa wamekaa pale pale, wakisikiliza wenzao wakijadili kama wana haki ya kuitwa wananchi. Kiti cha namna hiyo si chepesi kukikalia. Sheria ilipita kama Mwalimu alivyotaka, na Bryceson akawa raia wa Tanganyika.

Ndipo tunaporudi Kinondoni. Mwaka 1958 aliingia kwa kiti cha Mzungu, na uchaguzi wa mwaka 1960 nao ulikuwa na viti 10 vilivyowekewa Wazungu. Mwaka 1965 havikuwapo tena. Kama angeshindwa, pasingekuwa na mtu wa kulaumiwa, na masetla wa zamani wangecheka kwenye baraza zao. Mji huu ulikuwa umejengwa na wakoloni kwa mafungu, Uzunguni mbali, Uhindini mbali, Uswahilini mbali, na wenyeji wa Uswahilini ndio waliokuwa sasa na neno la mwisho juu ya Mzungu huyu. Alikuja kwao akisema Kiswahili chenye kueleweka, bila mkalimani, na kazi aliyokuwa amekwisha kuifanya waliijua. Wakamchagua, na baadaye wakamrudisha tena.

Alishika Wizara ya Kilimo kwa muda mrefu kuliko kazi nyingine yoyote ya uwaziri. Miaka ile bei ya katani, zao letu kubwa, ilishuka vibaya, na vyama vya ushirika vikalaumiwa na wakulima mpaka serikali ikaunda tume mwaka 1966 kuvichunguza. Hatuwezi kusema kwamba Waziri aliyatibu yote hayo, hakuyatibu. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967 na miiko ya uongozi ikawekwa, ilimhusu setla wa zamani kama ilivyomhusu kiongozi mwingine yeyote. Alibaki katika wizara hiyo mpaka mwaka 1972, alipopewa kuongoza Hifadhi za Taifa.

Kazi ya hifadhi ndiyo iliyobadili nyumba yake. Alikuwa na mke na watoto waliokulia nchi hii, na mwanawe mmoja alisomea viumbe vya baharini akafundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1974 alikuwa akisafiri kwenda Ruaha katika ndege ndogo pamoja na Jane Goodall, mtaalamu wa sokwe wa Gombe, na mtoto wa bibi huyo. Ndege ilianza kutoa moshi angani, ikaanguka kando ya mto, lakini wote wakatoka salama. Kwa mara ya pili katika maisha yake Bryceson alitoka katika ndege iliyoanguka. Ndoa za wote wawili zilikwisha, na mwaka 1975 wakaoana. Hatutaki kulipamba jambo hili, kwani wako walioumia.

Mei mwaka ule ule waasi kutoka Zaire walivuka Ziwa Tanganyika usiku wakawateka wanafunzi wanne wa kigeni huko Gombe. Hatimaye waliachiliwa wote, lakini wanafunzi wa kigeni hawakuruhusiwa tena kukaa, na wengi walidhani kazi ya Gombe imekwisha. Haikukwisha, kwa sababu vijana wa vijiji vya Kigoma waliokuwa wakifuatana na wageni hao msituni waliishika wenyewe. Bryceson aliketi nao, akawafundisha kwa Kiswahili namna ya kuandika taarifa zao za kila siku, na taarifa hizo zikasomwa na wataalamu wa dunia nzima. Sisi twaihesabu kazi hii kuwa kubwa kuliko nyingi alizofanya akiwa waziri. Upande wa hifadhi nyingine mambo yalikuwa magumu, hasa mpaka wa Kenya ulipofungwa Februari 1977 na watalii waliozoea kupitia Nairobi wakakatika.

Alikaa na mkewe katika nyumba ya ufukweni, upande huo huo wa mji uliokuwa umemchagua. Alipenda kuogelea kwenye matumbawe, maana ndani ya maji mguu haukumsumbua na mkongojo aliuacha mchangani. Mwaka 1980 saratani ilimshika. Alipelekwa Ujerumani kwa matibabu, akafia huko mwezi wa Oktoba, akiwa na miaka 57. Mkewe aliishi miaka 45 baada yake, naye akafariki Oktoba 2025. Majivu ya Bryceson yalirudishwa nyumbani, yakamwagwa katika Bahari ya Hindi.