Elizabeth Macarthur: Binti wa Kulelewa Aliyebaki na Kondoo

Ukiuliza biashara ya sufu ilianzaje kule Australia, utatajiwa John Macarthur. Leo hebu tumwangalie mkewe, na hasa kule alikotoka.

Elizabeth Veale alizaliwa mwaka 1766 kijijini Bridgerule, Devon, Uingereza. Baba yake, Richard, alikuwa mkulima, akafariki binti akiwa bado mdogo. Mama yake, Grace, akaolewa tena. Elizabeth akalelewa na babu yake, kisha na familia ya kasisi wa kijiji, John Kingdon. Yaani alikua akila kwenye meza za watu. Lakini katika nyumba ya kasisi ndipo alipopata elimu ambayo binti wa mkulima wakati huo hakuipata kirahisi.

Mwaka 1788 aliolewa na John, mwanajeshi mwenye hasira za karibu. Mwaka uliofuata wakasafiri na meli za wafungwa. Alijifungua njiani, na mtoto huyo wa kike akafia baharini. Wakafika Sydney Juni 1790.

Mwaka 1793 walipewa ekari 100 huko Parramatta, shamba likaitwa Elizabeth Farm. Tuseme ukweli: ardhi ile ilikuwa ya Waburramattagal, na hakuna aliyewauliza. Sisi Wakenya hilo hatuhitaji kuelezwa.

Sasa, mimi niliyesomea biashara, hapa ndipo ninaposimama. Mwaka 1801 John alimpiga kanali wake risasi kwenye pambano la bastola, akapelekwa Uingereza, akarudi 1805. Mwaka 1809, baada ya kushiriki kumpindua gavana, akaondoka tena hadi 1817. Ukijumlisha ni kama miaka 12. Nani alibaki na kondoo wa merino, wachungaji (wa kondoo kweli, si sisi), wafungwa waliofanya kazi shambani, na vitabu vya hesabu? Ni Elizabeth. Barua ya kwenda London ilichukua miezi, kwa hivyo uamuzi aliufanya mwenyewe. Sufu ikaendelea kupakiwa melini.

Alilipa pia. Mwanawe John alipelekwa Uingereza 1801 akiwa na miaka 7. Akafariki huko 1831 bila mama kumwona tena. Mume naye akaugua akili, akafa 1834.

Elizabeth alifariki 1850. Devon hakurudi hata mara moja. Ile nyumba ya Parramatta ingalipo, na bado inaitwa kwa jina lake.