Mama Kevina na Wodi ya Wazazi



Wiki hii tuwaache kidogo watakatifu wa Italia na Ufaransa. Nawaletea mama aliyezikwa hapa jirani tu, Nkokonjeru, Uganda. Wengi wetu Dar hatumjui, lakini Waganda wanamjua kiasi kwamba jina lake limeingia kwenye lugha yao: hospitali au nyumba ya kuhudumia maskini wakaiita kevina. Yeye ni Mama Kevina, mtawa wa Ayalandi, na jina lake la kuzaliwa ni Teresa Kearney.

Nimemchagua kwa sababu ya jambo tunaloliona kila siku huku kwetu, Mbagala, Tandika, Tandale, Manzese. Dada yuko kwaya, mara hayupo. Ukiuliza unaambiwa kwa sauti ya chini kwamba ana mimba. Wa kumsema wapo tele. Wa kumsindikiza kliniki, au wa kumshikia mtoto ili naye alale hata saa mbili, hao huwaoni. Na hata aliyefunga ndoa kanisani, mume akishinda kwenye bodaboda na mama mzazi yuko mkoani, anabaki peke yake kwenye chumba kimoja na kichanga kinacholia. Sisi Wakatoliki tunahubiri sana kwamba uhai ni zawadi. Sawa kabisa. Ila uchungu ukimshika mtu saa nane za usiku, mahubiri hayaiti bajaji.

Teresa alizaliwa tarehe 28 Aprili 1875 karibu na mji wa Arklow, Ayalandi. Hebu fikiria: baba yake alifariki miezi 3 kabla hajazaliwa. Yaani mama yake alimaliza ile mimba akiwa mjane, na watoto wengine wakimtegemea. Teresa alipofika miaka 10, mama naye akafariki. Akalelewa na bibi yake mzaa mama, na bibi huyo pia akaondoka kabla mjukuu hajafikisha miaka 20. Ada ya chuo cha ualimu ikakosekana, akawa mwalimu msaidizi. Mwaka 1895 akaingia utawa kwa masista Wafransisko wa Mill Hill, London, na mwaka 1898 akaweka nadhiri kwa jina la Kevin. Yeye alitaka kutumwa Marekani kuwahudumia watu weusi wa kule. Akangoja, akangoja, halafu wakampa Uganda.

Masista 6 waliondoka London tarehe 3 Desemba 1902 na kufika kilima cha Nsambya, Kampala, tarehe 15 Januari 1903. Walikuta nchi inaugua. Malale ilikuwa imeanza kuua watu wa kandokando ya Ziwa Victoria, na katika miaka michache ilimaliza zaidi ya watu 200,000. Kaswende nayo ilikuwa imeenea, na ugonjwa huo humfuata mtoto hadi tumboni. Zahanati yao ya kwanza ilikuwa kivuli cha mwembe. Kwenye kilima kingine, Mengo, Waanglikana walikuwa na hospitali tangu 1897, ya Dk. Albert Cook, na mkewe Katharine akaja kufundisha wakunga. Mwaka 1892 Wakatoliki na Waprotestanti walikuwa wamepigana vita kweli kweli hapo hapo Mengo. Mimi naona heri kushindana kwa kuwazalisha akina mama salama kuliko kushindana kwa bunduki.

Sasa hapa ndipo penye kisa chenyewe. Wakati ule sheria za Kanisa ziliwazuia watawa wa kike kufanya kazi ya kuzalisha. Sista angeweza kuosha kidonda, kumtibu mwenye homa, kumhudumia mwenye ukoma. Mama akishikwa na uchungu, hapo sista alitakiwa kukaa pembeni. Lengo lilikuwa kulinda nadhiri ya usafi wa moyo. Ukiifikiria ukiwa umekaa darasani, hoja hiyo ina mantiki yake. Lakini ilitungwa kwenye miji yenye daktari kila mtaa, kisha ikaletwa Nsambya ambako daktari alikuwa wa kutafutwa kwa tochi.

Mama Kevina hakulihama Kanisa wala hakukaa kulilalamikia barazani. Alitafuta mlango mwingine, na mlango huo ulikuwa walei. Daktari mmoja mwanamke, mlei mmisionari, Dk. Evelyn Connolly, akaungana naye, na mwaka 1921 wakaanzisha Nsambya shule ya wauguzi na wakunga. Sista hakuruhusiwa kushika kazi hiyo, basi mabinti wa Kiganda wataishika, tena kwa elimu kamili. Roma ilibadili msimamo tarehe 11 Februari 1936, sikukuu ya Bikira Maria wa Lurdi, ikaruhusu watawa wajifunze na kufanya kazi ya ukunga. Wengi walikuwa wamelipigania hilo, akiwemo Dk. Anna Dengel wa Austria. Kutoka 1921 hadi 1936 ni miaka 15. Uchungu haungoji waraka.

Mengine nayapitia haraka, maana aliishi miaka mingi na alifanya mengi. Wakati wa Vita vya Kwanza aliwauguza Nsambya wapagazi wa jeshi, wale wa Carrier Corps ambao Kariakoo yetu ilipata jina kwao. Waingereza wakampa nishani mwaka 1918. Mwaka 1923 alianza na mabinti 8 shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, ambalo leo liko Kenya na hapa Tanzania pia. Akafungua shule za wasichana na makazi ya wenye ukoma.

Mtu anaweza kusema: lakini huyu hakuzaa, anajua nini kuhusu mimba na kulea? Kweli, hakuzaa. Ila alijua mtoto anavyobaki mama akiondoka, maana yeye mwenyewe alikuwa mtoto huyo. Na bibi aliyempokea ndiye ninayemfikiria sana ninapoona vijana wa jumuiya zetu wanapanga zamu za usafi wa kanisa. Zamu hiyo hiyo haiwezi kupangwa ya kwenda kumfulia nepi aliyejifungua juzi?

Alistaafu mwaka 1955 akiwa na miaka 80, na kustaafu kwenyewe kukawa kwenda Marekani kuchangisha fedha za misioni. Alifariki usingizini Boston tarehe 17 Oktoba 1957. Mwili ukapelekwa kwanza Ayalandi. Wakatoliki wa Uganda hawakukubali. Wakaomba mama yao arudishwe, na Desemba mwaka huo huo akazikwa Nkokonjeru. Mchakato wa kumtangaza mtakatifu umeshaanza, sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu.

Kwa kuwa bado hajatangazwa mwenye heri, hatumwombi kwenye ibada za hadhara, ila kila mtu kwa nafsi yake anaruhusiwa kuomba maombezi yake. Mimi nimeanza novena kwa nia ya wote wanaojifungua wiki hii, wa Temeke, wa Mwananyamala, na wale watakaojifungulia njiani. Anayeweza, aniunge mkono kwa Salamu Maria moja kila jioni.