Linus Yale, mchoraji aliyetuachia ufunguo

Wasomaji wa safu hii mmezoea kukutana na marais, majenerali na waimbaji waliotangulia mbele ya haki. Leo naomba mniruhusu nimlete fundi mmoja tu, ambaye huenda jina lake unatembea nalo mfukoni bila kujua.

Kisa chenyewe ni hiki. Jirani yangu hapa Kampala aliibiwa mchana kweupe. Mlango haukuvunjwa, madirisha hayakuguswa na kitasa kilikuwa kizima kabisa. Lawama zote zikamwangukia msichana wa kazi, kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa na ufunguo wa pili, naye akafukuzwa siku hiyo hiyo. Mimi sikuridhika. Nikamwita mzee mmoja anayechonga funguo kando ya barabara, nikamwonyesha kitasa changu ambacho ni cha aina ile ile, nikamwomba akifungue bila ufunguo. Alitoa vipande viwili vya waya mgumu. Hata dakika mbili hazikwisha, mlango ukawa wazi. Mzee akacheka, akanieleza kwamba vitasa hivi vyote ni wajukuu wa Mmarekani mmoja aitwaye Yale.

Linus Yale alizaliwa Aprili 4, 1821, huko Salisbury, katika jimbo la New York. Baba yake, ambaye naye aliitwa Linus, alikuwa fundi wa kufuli za mabenki, na mwaka 1848 alitengeneza kufuli ya pini. Wazo la pini lenyewe ni la kale sana, kwani Wamisri walikuwa na makomeo ya mbao yaliyofanya kazi kwa vijiti vinavyodondoka kwenye matundu. Kijana hakuvutiwa na vyuma. Alitaka kuwa msanii, na kwa miaka kadhaa alijipatia riziki kwa kuchora sura za watu. Mwaka 1844 alimwoa Catherine Brooks. Baadaye aliweka brashi chini na kuingia katika kazi ya baba yake, ila kalamu ya kuchorea hakuitupa, na nadhani hapo ndipo palipo siri yake: alikuwa anauona mtambo akilini kabla ya kukata chuma.

Siku zile wezi wa mabenki walikuwa wakijaza baruti kwenye tundu la ufunguo na kulipua. Yale akatengeneza kufuli ambayo sehemu ya ufunguo yenye meno huachana na mpini wake, ikasafiri ndani mbali na tundu, na bamba la chuma kigumu likaziba nyuma yake. Kisha akafanya jambo ambalo wenzake hawakulipenda. Alichukua kufuli ya Day & Newell, iliyokuwa na sifa kubwa kuliko zote Marekani, akaonyesha kuwa inafunguka bila ufunguo wake. Mwaka 1856 akatoa kijitabu kuhusu kufuli na namna zinavyofunguliwa kwa hila. Kwa mabenki akazidi kupendekeza kufuli za namba, zisizo na tundu kabisa.

Lakini kilichomfikisha mlangoni kwako na kwangu ni hataza zake za mwaka 1861 na 1865. Ndani ya kitasa aliweka silinda inayozunguka. Juu yake kuna matundu, na kila tundu lina pini mbili zilizopandana, zikisukumwa na springi. Bila ufunguo, pini hukaa nusu ndani ya silinda na nusu nje, hivyo haizunguki. Ukiingiza ufunguo wake, kila jino huinua pini kwa kipimo chake mpaka maungio ya pini zote yawe sawasawa na ukingo wa silinda, nayo huzunguka. Zamani mlango mnene ulidai ufunguo mrefu kama kijiko cha pilau. Yale akatupa ufunguo mdogo, bapa, wa kuweka mfukoni.

Udhaifu wake ni kwamba jino la ufunguo linagusa pini, na panapofika jino hufika na waya. Ndiyo maana mafundi waliokuja baadaye, kama wale wa kampuni ya EVVA ya Austria, waligeukia sumaku. Katika kufuli ya pini za sumaku, pini zenyewe ni sumaku zilizofichwa nyuma ya ukuta mwembamba wa madini yasiyovutwa na sumaku, na ufunguo nao umepachikwa sumaku. Ncha zinazofanana husukumana, pini ikasogea hadi mahali pake. Ncha zikiwa tofauti huvutana, pini ikabaki imeziba njia. Nyingine hutumia vigurudumu vya sumaku ambavyo ni lazima vigeuke kama mshale wa dira hadi pembe kamili. Waya wa mwizi hauna cha kugusa. Mzee wangu wa barabarani hazipendi hata kidogo, maana kwenye ufunguo wa namna hiyo hana cha kuchonga, na bei yake, tuseme ukweli, si ya mwalimu wala ya karani.

Yale hakuvuna alichopanda. Oktoba 1868 aliungana na kijana wa miaka 24, Henry Towne, wakaanzisha kampuni ya kutengeneza kufuli zake, na kiwanda kikaanza kujengwa Stamford, Connecticut. Desemba 25 ya mwaka huo huo, akiwa New York kwa shughuli za kufuli za jengo moja kubwa, moyo wake ulisimama. Alikuwa na miaka 47. Towne ndiye aliyeendesha kampuni kwa miongo kadhaa na kulieneza jina la Yale duniani.

Nilimpeleka yule mzee kwa jirani, akakifungua kitasa chake mbele ya mume na mke. Walikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha mke akaomba simu, akapiga kijijini kwa akina yule msichana. Hadi naandika makala hii, hajakubali kurudi.