Mguu wa Mtakatifu Inyasi na Miezi Yake ya Kupona

Kila mwaka, tarehe 31 Julai, Mama Kanisa anaadhimisha kumbukumbu ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola, Padri na mwanzilishi wa Shirika la Yesu. Mahubiri ya siku hiyo huwa juu ya Mazoezi ya Kiroho, au juu ya wamisionari aliowatuma hadi miisho ya dunia. Sisi katika makala hii tunapenda kutazama jambo ambalo kwa kawaida hutajwa kwa sentensi moja na kuachwa, yaani mguu wake. Tunafanya hivyo kwa ajili ya waamini wetu, nao si wachache, waliofanyiwa upasuaji wa goti na sasa wako nyumbani wakihesabu siku. Wanajiuliza kwa nini upasuaji ulioitwa mdogo unachelewa hivi kupona, na wengine wanajiuliza kimoyomoyo kama wanamkosea Mungu wanapobaki kitini wakati ndugu zao wamepiga magoti mbele ya Ekaristi Takatifu.

Inyasi alizaliwa mwaka 1491 katika nyumba ya mnara ya ukoo wa Loyola, karibu na mji wa Azpeitia, katika nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto wengi, akabatizwa kwa jina la Íñigo. Akiwa kijana alipelekwa Arévalo, nyumbani kwa Juan Velázquez de Cuéllar, mtunza hazina mkuu wa ufalme wa Castilla. Huko alijifunza adabu za watu wa ikulu, matumizi ya upanga na, tuseme wazi, majivuno. Alipenda mavazi mazuri na hadithi za mashujaa wapanda farasi. Baada ya bwana wake kufariki mwaka 1517, aliingia katika utumishi wa Mtawala wa Nájera, aliyekuwa makamu wa mfalme huko Navarra.

Tarehe 20 Mei 1521 alikuwa ndani ya ngome ya Pamplona, iliyozingirwa na jeshi la Wafaransa. Wenzake waliona hakuna njia ya kushinda na walitaka kujisalimisha. Ni yeye aliyemshawishi mkuu wa ngome wapigane. Tufe la mzinga lilipita kati ya miguu yake, likauvunja vibaya mguu wa kulia chini ya goti na kuujeruhi wa kushoto. Alipoanguka yeye, ngome nayo ikajisalimisha. Washindi walimtendea kwa heshima na kumpa matibabu waliyokuwa nayo, na baada ya takriban majuma mawili akabebwa kwa machela kupitia milimani hadi kwao Loyola.

Huko nyumbani waganga walikuta mifupa haikukaa mahali pake, ama kwa sababu iliungwa vibaya tangu mwanzo, ama kwa sababu iliteguka njiani. Wakaamua kuivunja tena na kuipanga upya. Tukumbuke kwamba dawa ya usingizi kwa ajili ya upasuaji ilionyeshwa hadharani huko Boston mwaka 1846, zaidi ya miaka mia tatu baadaye. Íñigo alilala macho, akayapokea yote bila kutoa neno wala kuonyesha maumivu, ila kwa kukunja ngumi zake kwa nguvu.

Kisha hali yake ikazidi kuwa mbaya. Hakuweza kula, na dalili za kifo zikaonekana. Siku ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji alishauriwa aungame, akapokea Sakramenti. Katika mkesha wa Watakatifu Petro na Paulo waganga walisema kwamba asipopata nafuu kabla ya usiku wa manane, ahesabiwe kuwa amekufa. Usiku ule ule, yeye aliyekuwa na ibada kwa Mtakatifu Petro, alianza kupata nafuu, na baada ya siku chache hakuwa tena hatarini.

Mgonjwa wa leo hapitii hayo, na tumshukuru Mungu na madaktari. Upasuaji mdogo wa goti, kama ule wa kurekebisha gegedu lililochanika, mara nyingi hufanyika kupitia matundu mawili au matatu madogo. Daktari huingiza kamera nyembamba na vifaa vyake, na mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo akiwa na bandeji na magongo. Hapo ndipo watu hudanganyika. Kwa kuwa jeraha ni dogo kwa nje, familia hudhani kazi imekwisha, na mama wa nyumbani hutarajiwa jikoni siku ya tatu. Kumbe ndani ya goti mengi yameguswa. Uvimbe unaweza kudumu kwa majuma kadhaa. Msuli wa mbele wa paja hudhoofika upesi, na mgonjwa anaposimama huhisi kana kwamba goti halimwamini. Hayo ni ya kutarajiwa. Yasiyo ya kutarajiwa ni homa, usaha, jeraha kuwa jekundu na la moto, au ndama ya mguu kuvimba na kuuma, kwa maana damu inaweza kuganda katika mishipa ya mguu. Atakayeona mojawapo ya hayo arudi hospitali siku hiyo hiyo. Na ikiwa anapata shida ya kupumua au maumivu ya kifua, asisubiri hata saa moja.

Turudi Loyola. Mifupa ya Íñigo ilipoungana, mmoja ulikuwa umepanda juu ya mwingine chini ya goti, na kipande kilichomoza kikaleta sura mbaya. Mguu pia ulikuwa umekuwa mfupi. Íñigo hakuvumilia wazo hilo, kwa kuwa bado alikusudia kurudi katika maisha ya ikulu na kuvaa buti za kubana. Akauliza kama kile kipande kingeweza kukatwa. Waganga walimjibu kwamba inawezekana, ila maumivu yangekuwa makubwa kuliko yote aliyokwisha kuyapata, kwa kuwa mfupa ulikuwa umekwisha kupona. Kaka yake alishtuka na kusema kwamba yeye mwenyewe asingethubutu. Íñigo alisisitiza. Nyama ikakatwa, mfupa ukapigwa msumeno, kisha kwa siku nyingi mguu ukapakwa marhamu na kuvutwa kwa vyombo ili urefuke. Haya aliyapata kwa ajili ya uzuri wa mguu ndani ya kiatu, na yeye mwenyewe uzeeni, aliposimulia maisha yake, hakuficha sababu hiyo. Alibaki akichechemea maisha yake yote.

Baada ya hapo alikuwa mzima, ila hakuweza kuukanyagia mguu. Wale waliowahi kulala wakiwa wazima wanajua uzito wa hali hiyo. Maumivu yakiwa makali mtu hupambana nayo. Yakipungua, huja uchovu wa kukaa, hasira ndogondogo kwa watu wa nyumbani, na huzuni isiyo na jina. Íñigo aliomba aletewe vitabu vya mashujaa apitishe muda. Katika nyumba ile havikupatikana. Akaletewa vitabu viwili, Maisha ya Kristo kilichoandikwa na Mmonaki Ludolfo wa Saxony, na kingine cha maisha ya watakatifu. Akavisoma kwa kukosa vingine.

Katika miezi ile kitandani aliota ndoto mchana za aina mbili. Saa nyingine aliwaza juu ya mwanamke mmoja wa cheo cha juu, jinsi atakavyomwendea na maneno atakayomwambia, na alipendezwa sana. Saa nyingine aliwaza kwamba angeweza kufanya kama Mtakatifu Fransisko au Mtakatifu Dominiko, kwenda Yerusalemu pekupeku na kula mboga tu. Hilo pia lilimpendeza. Tofauti aliiona baadaye, polepole. Mawazo ya kwanza yalipopita yalimwacha mkavu na asiyeridhika. Yale ya pili yalipopita yalimwacha na furaha iliyobaki. Kutoka katika kuangalia huko, akiwa na mguu juu ya mto, ndipo lilipoanza fundisho la kupambanua roho ambalo Kanisa limelitumia hadi leo. Alianza pia kuandika dondoo za Injili katika daftari kubwa, maneno ya Kristo kwa wino mwekundu na ya Bikira Maria kwa wino wa buluu. Hatudhani angekuwa na subira hiyo kama angekuwa na uwezo wa kutembea.

Alipoondoka nyumbani mwanzoni mwa mwaka 1522, ilikuwa imepita takriban miezi tisa tangu ajeruhiwe. Watu husimulia safari hiyo kana kwamba aliondoka akiwa amepona kabisa, na sivyo. Mguu ulikuwa bado umefungwa bandeji, na ingawa alisafiri akiwa juu ya baghala, kila jioni aliukuta umevimba. Kabla ya kufika Montserrat alinunua kitambaa cha gunia kwa ajili ya vazi la msafiri wa hija, fimbo, kibuyu kidogo, na viatu vya kamba za nyasi. Kati ya viatu hivyo akavaa kimoja tu, kwenye mguu mbovu, kwa kuwa aliona huo unahitaji kiatu. Mwingine ukabaki mtupu. Tunakipenda sana kiatu hicho kimoja. Ameacha buti za kubana, ameamua kuwa maskini wa Kristo, na bado anakiri kwamba mguu huu unahitaji msaada ambao mwingine hauhitaji.

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Machi alikesha mbele ya altare ya Bikira Maria huko Montserrat, bila kukaa wala kulala, saa nyingine akiwa amesimama na saa nyingine akiwa amepiga magoti. Hapa tunawageukia wale wenye wasiwasi juu ya kupiga magoti kanisani. Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kirumi, namba 43, yanawataka waamini wapige magoti wakati wa mageuzo isipokuwa pale afya inapozuia, na asiyepiga magoti ainame kwa heshima wakati padri anapopiga goti baada ya mageuzo. Basi aliyepasuliwa goti asijilazimishe. Makovu mapya huuma yakikandamizwa sakafuni, wakati mwingine kwa miezi mingi, na sakafu za makanisa yetu ni za saruji. Aombe nafasi pembeni, anyooshe mguu, ainamishe kichwa. Asiyeweza kabisa kufika kanisani na atoe taarifa kwa viongozi wa jumuiya yake ndogo ili apelekewe Komunyo nyumbani. Mapadri hawawezi kujua wasichoambiwa.

Huko Manresa, alikokaa karibu mwaka mzima, Inyasi aliutesa mwili wake kwa mifungo na mikesha kupita kiasi, akaugua tena na tena. Maumivu ya tumbo yalimfuata hadi kifo. Tunalitaja hili kwa sababu wapo wagonjwa wanaokataa dawa za maumivu wakitaka kumtolea Mungu mateso, kisha kwa sababu ya maumivu hawafanyi mazoezi waliyoagizwa, na goti linakakamaa. Mazoezi hayo ya kukaza paja, kunyoosha na kukunja goti kidogo kidogo yanachosha na hayana fahari yoyote, nayo ndiyo yanayorudisha mguu. Vilevile mto usiwekwe chini ya goti na kuliacha limekunjwa kutwa nzima, ingawa linastarehe hivyo. Uwekwe chini ya kisigino, mguu unyooke. Na kila mmoja amsikilize daktari wake kuliko jirani yake, kwa kuwa aliyeshonewa gegedu hukatazwa mengi ambayo aliyekatwa kipande tu huruhusiwa.

Maisha yaliyobaki tunayapitia kwa haraka. Alikwenda Yerusalemu mwaka 1523, akarudi, akasoma Kilatini huko Barcelona pamoja na watoto, kisha akasoma Alcalá, Salamanca na Paris. Huko Montmartre, tarehe 15 Agosti 1534, aliweka nadhiri pamoja na wenzake wa kwanza. Mwaka uliofuata madaktari walimshauri arudi kwenye hewa ya kwao kwa ajili ya afya, na wenzake wakamnunulia farasi mdogo ili asiende kwa miguu. Alikubali. Alipofika Azpeitia hakukaa katika nyumba ya kaka yake, bali alikaa katika hospitali ya maskini, akawafundisha watoto katekisimu. Mwaka 1537, akiwa Vicenza na homa, alisikia kwamba mwenzake Simão Rodrigues yu mahututi huko Bassano. Akaondoka kwa miguu pamoja na Petro Faber, akienda kwa kasi ambayo Faber, mwenye miguu mizima, hakuiweza.

Baba Mtakatifu Paulo III alilithibitisha Shirika tarehe 27 Septemba 1540. Inyasi akachaguliwa kuwa Mkuu wake, na miaka yake ya mwisho aliitumia Roma akiandika Katiba. Humo aliweka sura nzima juu ya kuutunza mwili. Aliagiza kwamba katika kila nyumba awepo mmoja wa kuangalia afya ya wenzake, wenye nguvu na wadhaifu, na kwamba mgonjwa amtii daktari na mwuguzi. Alifariki Roma alfajiri ya tarehe 31 Julai 1556, na Kanisa lilimtangaza kuwa Mtakatifu mwaka 1622.