Archibald Hill

Archibald Vivian Hill (26 Septemba 1886 – 3 Juni 1977), aliyejulikana zaidi kama A. V. Hill, alikuwa mwanafiziolojia kutoka nchini Uingereza. Alichunguza hasa joto na nguvu zinazotolewa na misuli inapofanya kazi. Pamoja na Otto Meyerhof wa Ujerumani alipewa Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba ya mwaka 1922. Wanafunzi wengi wa sekondari hukutana na kazi yake bila kulijua jina lake, wanapofundishwa katika somo la biolojia kuhusu deni la oksijeni na asidi ya laktiki.

Maisha ya awali

Hill alizaliwa mjini Bristol. Baba yake aliiacha familia wakati yeye angali mdogo, akalelewa na mama yake. Alisoma katika shule ya Blundell's, kisha Chuo cha Trinity, Cambridge, alikochukua hisabati na kushika nafasi ya tatu katika mtihani wa mwaka 1907. Mwalimu wake, Walter Fletcher, alimshawishi ahamie fiziolojia. Mwaka huohuo Fletcher na Frederick Gowland Hopkins walikuwa wameonyesha kwamba asidi ya laktiki hujikusanya katika msuli wa chura unaofanya kazi bila oksijeni, na hupungua oksijeni inaporudi.

Mwaka 1913 Hill alimwoa Margaret Keynes, dada wa mwanauchumi John Maynard Keynes. Walipata watoto wanne. Mmoja wao, Polly Hill, alikuja kujulikana kwa utafiti wake kuhusu wakulima wa kakao nchini Ghana.

Utafiti wa misuli

Msuli mmoja wa chura unapojikaza mara moja, joto lake hupanda kwa sehemu ndogo sana ya digrii. Hill alitumia vifaa vya umeme vyenye uwezo wa kupima badiliko hilo. Aligundua kwamba joto halitoki wakati wa kujikaza tu. Kiasi kikubwa hutoka baadaye, msuli ukiwa umeshatulia, na joto hilo la baadaye huhitaji oksijeni. Meyerhof, kwa njia ya kemia, alionyesha kwamba katika kipindi hicho cha kupumzika sehemu ya asidi ya laktiki huunguzwa na iliyobaki hurudishwa kuwa glikojeni.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Hill aliongoza kundi la wanasayansi waliochunguza ulengaji wa mizinga ya kutungulia ndege. Mwaka 1920 akawa profesa Manchester, na mwaka 1923 akahamia Chuo Kikuu cha London (University College).

Tangu ujana Hill alikuwa mkimbiaji, na huko Manchester alijifanya mwenyewe kuwa kifaa cha utafiti. Pamoja na Hartley Lupton alipima oksijeni inayotumiwa na mtu anayekimbia, hewa aliyoitoa ikikusanywa katika mfuko aliobeba mgongoni. Kutokana na kazi hiyo alieleza kwamba matumizi ya oksijeni yana kikomo, na kwamba mkimbiaji anayepita kikomo hicho hukopa, kisha hulipa kwa kuhema baada ya kusimama. Hilo ndilo deni la oksijeni.

Asidi ya laktiki na maumivu ya misuli

Wakati huo Hill na wenzake waliamini kwamba asidi ya laktiki ndiyo inayoufanya msuli ujikaze. Mwaka 1930 Einar Lundsgaard wa Denmark alionyesha kwamba msuli uliotiwa sumu ya kuzuia asidi hiyo huendelea kujikaza kwa muda. Hill hakushikilia nadharia ya zamani. Mwaka 1932 aliandika makala akiyaita mabadiliko hayo mapinduzi katika fiziolojia ya misuli. Si kila mshindi wa Nobel angefanya hivyo.

Hata hivyo asidi ya laktiki ilibaki vichwani mwa watu, na mpaka leo wengi husema kwamba ndiyo inayoleta maumivu ya siku ya pili baada ya kunyanyua vyuma. Maelezo hayo si sahihi. Asidi hiyo hurudi kiwango chake cha kawaida katika muda wa saa moja hivi, lakini maumivu huanza saa 12 hadi 24 baada ya zoezi na huzidi siku ya pili au ya tatu. Tayari mwaka 1902 Mmarekani Theodore Hough alifikiri kwamba chanzo ni michaniko midogo ndani ya msuli.

Hutokea hasa pale msuli unaporefushwa huku ukijikaza, kwa mfano wakati wa kushusha chuma polepole. Anayeshuka kwa miguu kutoka uwanda wa juu wa Ufipa, karibu na Sumbawanga, hadi Bonde la Rukwa hahemi sana njiani, lakini kesho yake mapaja humuuma kuliko ya aliyepanda. Mwaka 1983 watafiti wa Marekani walithibitisha jambo hilo: waliokimbia kwenye tambarare walipandisha asidi bila kuumia, na waliokimbia kwenye mteremko waliumia bila asidi kupanda.

Hill mwenyewe alichunguza misuli inayorefushwa. Mwaka 1952 Abbott, Bigland na Ritchie huko London waliunganisha baiskeli mbili, mmoja akikanyaga mbele na mwingine akizuia. Aliyezuia alitumia oksijeni kidogo zaidi, ingawa nguvu zilikuwa sawa.

Siasa na wakimbizi

Mwaka 1933, Wanazi walipowafukuza wasomi Wayahudi nchini Ujerumani, Hill alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa baraza la kuwasaidia. Bernard Katz, aliyefika katika maabara yake mwaka 1935, alipata Nobel mwaka 1970. Meyerhof naye alilazimika kukimbia mwaka 1938, akafia Marekani mwaka 1951.

Kuanzia 1940 hadi 1945 Hill alikuwa mbunge wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Alipewa Medali ya Copley mwaka 1948. Baada ya kustaafu mwaka 1952 aliendelea na majaribio kwa miaka mingi, kisha mwaka 1967 alirudi Cambridge, alikofariki akiwa na umri wa miaka 90.